Thamani, Bei na Ukweli: Somo Kutoka kwa Kompyuta ya Zamani

SOMO LA WIKI KWA USHIRIKA WA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: Mambo ya Walawi 27:8, 14-18, 2 Wafalme 18:1-4, Mithali 11:1 na 20:14, Waefeso 4:15, 25, Luka 10:7.

Lengo la somo: Tujifunze kusema ukweli kuhusu thamani ya vitu bila kumvunja mwenye kitu, na kuupokea ukweli huo unapotugusa sisi.

UTANGULIZI

Hapa Chaka tunajua kuuza na kununua. Barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki inatupitia, soko liko, na viazi, karoti na kabichi za Kieni zinapita mikononi mwetu kila wiki. Mkulima wetu akiletewa gunia lililoshonewa kichwa juu ili limeze viazi zaidi, analia, na ana haki ya kulia. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukizwa na mizani ya uongo. Hapo sote tunasema amina kwa sauti.

Lakini kuna mizani nyingine ambayo haipimi kilo. Ni mizani ya mdomo. Mtu anakuuliza, "Hii kitu yangu ni ya pesa ngapi?" na wewe unajua jibu halitamfurahisha. Hapo amina yetu inapungua sauti kidogo. Leo tuzungumzie mizani hiyo.

1. MUNGU ALIWEKA MPIMAJI

Fungua Walawi 27. Wengi huruka sura hii kwa sababu ina hesabu nyingi. Mimi nilisomea biashara chuoni kabla ya kuingia kwenye huduma, na nilipoifikia mara ya kwanza nilikaa nayo jioni nzima.

Mtu akitaka kuiweka nyumba yake wakfu kwa Bwana, hakuruhusiwa kujitajia thamani. Kuhani alikuja, akaiangalia, nzuri au mbaya, akasema kiasi chake. Mstari wa 14 unaonyesha kwamba alivyosema kuhani ndivyo ilivyosimama. Tena nyumba hii haiendi sokoni. Inatolewa kwa Mungu! Ungedhani kwa sadaka mtu anaweza kujitajia thamani yoyote kwa imani. Hapana. Hata madhabahuni, kitu kinapimwa kilivyo.

Kisha mstari wa 16 hadi 18 unazungumzia shamba. Shamba linalopandwa homeri moja ya shayiri lilihesabiwa shekeli 50 za fedha. Hiyo ni kama limewekwa wakfu tangu mwaka wa Yubile. Ikiwa miaka imepita, kuhani anahesabu miaka iliyobaki na kupunguza. Wahasibu wetu leo wanaita jambo hili uchakavu. Kumbe liko kwenye Torati! Miaka ikipita, thamani inashuka, na anayepima lazima aseme hivyo.

Usisahau mstari wa 8. Kama mtu ni maskini hawezi kulipa kiasi kilichotajwa, kuhani anamkadiria kulingana na uwezo wake. Kwa hiyo kipimo ni cha kweli, na bado mtu anaangaliwa kwa huruma. Hivyo viwili vinakaa pamoja kwenye sura moja. Shikilia hapo, tutarudi.

2. YALIYOTOKEA SEBULENI

Mshirika mmoja, mwalimu mstaafu, ameniruhusu nieleze jambo hili bila kutaja jina wala anakokaa. Fundi naye amekubali.

Mwalimu alikuwa na kompyuta aliyonunua mwaka 2004 kwa mkopo wa sako, shilingi 60,000. Aliilipa kwa miaka mitatu, ikikatwa kwenye mshahara. Kijiji kizima kilikuja kuiona. Mume wake, ambaye Bwana alimchukua miaka kadhaa baadaye, aliandikia barua na ripoti zake zote hapo. Juu ya ile skrini kubwa ya mgongo mrefu kuna kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa kuna picha ya harusi.

Sasa mjukuu ameitwa sekondari na karo imepungua shilingi 30,000. Jamaa mmoja alimwambia kwa simu kwamba kompyuta za zamani zina dhahabu ndani na watu wa Nairobi wanazinunua bei kubwa. Mwalimu akapiga hesabu: kama sehemu tu ni dhahabu, hata 35,000 ni kidogo. Akamwita kijana wetu mmoja wa kanisa ambaye ni fundi wa kompyuta, aje aipime na amtafutie mnunuzi. Akaniomba na mimi nije. Alisema, "Pasta, nataka kuwe na mtu wa Mungu, nisije nikaibiwa."

Chai ilikuja kwanza, na ngwaci, na maparachichi kutoka shambani. Fundi alikuwa anakula polepole sana. Mimi nilijua kwa nini. Alikuwa ameshaiona mashine tangu mlangoni.

Alipoifungua, vumbi lilikuwa limejaa kama sufi ndani ya mto. Ile bodi kubwa ilikuwa na vikopo vidogo vya umeme, na vitano vilikuwa vimevimba vichwa na kuvuja. Prosesa ilikuwa Pentium 4. Memori MB 256. Hadi diski GB 40, ambayo ni chini ya simu nyingi za bei rahisi leo. Ilikuwa inatumia Windows XP, programu iliyotoka mwaka 2001 na ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014.

Mwalimu akauliza, "Haya kijana wangu, tuseme ngapi?"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Mwalimu, naomba nikwambie ukweli. Hii haitengenezeki kwa bei ya maana. Nikiinunua kwa ajili ya vipuri, nitatoa 1,500."

Kimya. Saa ya ukutani ndiyo ilikuwa inaongea.

"Elfu moja mia tano? Mimi nililipa elfu sitini!"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na dhahabu?"

"Iko, lakini ni kama unga kwenye ukucha. Kuitoa ni gharama kuliko yenyewe."

Akanigeukia. "Pasta, unamsikia? Hawa vijana wakiona mzee wanajua wamepata."

Kila mtu alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Mwalimu, mimi si fundi. Lakini huyu kijana angetaka kukuibia, angekwambia ni mbaya halafu aichukue kwa faida. Yeye amekwambia ni ya 1,500 na hajaomba kuichukua." Nikanyamaza.

Yule kijana akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Akauliza, "Mwalimu, ndani yake kuna nini unachotaka kisipotee?"

Mama akakaa kimya, kisha akasema, "Barua za mwenyewe."

Fundi akaing'oa ile hadi diski na kuiunganisha kwa waya kwenye laptopu yake. Ilikuwa bado inazunguka. Kwa karibu saa nzima akatoa barua, ripoti, na picha 200 na ushee, akaziweka kwenye flashi. Barua ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya mwaka 2006, ya kuomba bodi ya shule imsamehe karo mtoto wa jirani. Mwalimu aliisoma mpaka mwisho. Hakusema kitu, alifuta tu miwani.

Wakati wa kuondoka palikuwa na ugumu mwingine. Fundi ana ada ya kuja nyumbani, shilingi 500, na nauli ya boda. Mwalimu akasema, "Lakini hujatengeneza kitu. Nakulipa nini?" Kijana akaangalia chini. Hapo ndipo nilipoongea kwa uwazi: "Mwalimu, amekupa jibu. Jibu ni kazi." Akalipa. Lakini hakutusindikiza mpaka kwenye geti, na anayejua desturi zetu anajua hiyo ina maana gani. Jumapili mbili alikaa upande ule mwingine wa kanisa.

3. KWA NINI TUNAPANDISHA BEI YA VITU VYETU

Usimcheke mwalimu. Mwaka 1990 wataalamu watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler, walichapisha jaribio lao. Waliwapa nusu ya watu vikombe vya kawaida, wakawaambia ni vyenu, mnaweza kuviuza. Nusu nyingine wakaulizwa wangevinunua kwa ngapi. Wenye vikombe walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kutoa. Na walikuwa navyo kwa dakika chache tu! Je, mwenye kitu kwa miaka 20, chenye alama za vidole vya marehemu?

Darasani tulifundishwa kutenganisha mambo matatu, na yamenisaidia hata kwenye ushauri wa ndoa.

Gharama ni kile ulichotoa. Mwalimu alitoa 60,000. Hiyo ilishatoka na hairudi.

Bei ni kile mtu mwingine yuko tayari kutoa leo. Watu wa kodi Kenya kwa miaka mingi walihesabu uchakavu wa kompyuta kwa asilimia 30 ya salio kila mwaka. Piga hesabu ya elfu sitini: baada ya mwaka mmoja inabaki 42,000, baada ya mitano, 10,084, baada ya kumi, 1,695, baada ya kumi na mitano, 285. Ukiangalia vizuri, yule kijana alikuwa mkarimu.

Thamani ni kile kitu kinachobeba moyoni mwako. Hiyo soko halijui na halilipi. Barua za mume haziuziki hata kwa shilingi kumi, na mwalimu asingeziuza kwa milioni.

Shida inakuja tunapochukua thamani ya moyoni na kuidai kwa bei ya sokoni. Tunaomba mnunuzi alipie kumbukumbu zetu. Akikataa, tunadhani ametutukana sisi.

Halafu kuna uvumi, ambao hutoa ahadi pale moyo unapotamani. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia uvumi ulienea kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu yenye nguvu za ajabu. Watu walikimbilia kuzinunua, na bei zilitajwa mpaka riyali 200,000 kwa cherehani moja. Zebaki yenyewe haikuwepo. Na dhahabu ya kompyuta? Iko, kweli. Wajapani walikusanya karibu tani 79,000 za vifaa vya umeme, pamoja na simu zaidi ya milioni 6, ili kutengeneza medali za Olimpiki ya Tokyo. Dhahabu waliyopata ni kilo 32 hivi. Gawanya mwenyewe: tani moja haikutoa hata nusu gramu. Mpendwa, karo ya mtoto haitatoka humo. Mtu akikuambia kwa simu kwamba una utajiri chini ya kitambaa, muulize kama yeye yuko tayari kuununua leo.

4. HEZEKIA NA NYOKA WA SHABA

Kitu cha zamani kinaweza kuwa kilitumika na Mungu kweli. Soma 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa hakuwa sanamu ya mapepo tangu mwanzo. Mungu mwenyewe aliagiza, na watu waliomtazama walipona. Lakini miaka mingi baadaye Israeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Hezekia alimvunja, na jina Nehushtani linatukumbusha kwamba ni shaba. Shaba tu.

Hakusema haukuwahi kuwa na maana. Alisema wakati wake umekwisha. Kuna vitu nyumbani, na hata kanisani, ambavyo vilitubariki na sasa vimebaki shaba. Kuheshimu kazi kiliyofanya kitu si sawa na kukidai kiendelee kuifanya.

5. NJIA TATU MBAYA ZA KUJIBU, NA MOJA NJEMA

Fundi angeweza kufanya mambo matatu.

Kwanza, kudanganya kwa huruma. Angesema, "Ni nzuri, mwalimu, nitakutafutia mnunuzi," halafu asipokee simu tena. Chai ingeisha vizuri. Lakini mama angepanga karo kwa pesa ambayo haipo, na shule ikifunguliwa mtoto angebaki nyumbani. Huruma ya namna hiyo hulipwa na mtoto.

Pili, kudanganya kwa faida. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayeponda bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu. Au angesema, "Inatengenezeka, lete 6,000 ya vipuri." Mwenye ujuzi mbele ya asiyejua ana nafasi kubwa ya dhambi. Madaktari, mafundi wa magari, mawakili, na sisi wachungaji, tusikie.

Tatu, kusema ukweli kwa dharau. "Hii ni takataka, shosho, tupa." Ni ukweli, lakini umetupwa kama jiwe. Waefeso 4:15 inataka ukweli na upendo viende pamoja.

Njia njema ni ile ya Walawi 27: pima kwa haki, kisha mwangalie mtu. Taja kiasi bila kukiongeza. Usikimbie kimya kinachofuata. Halafu uliza kuhusu thamani, ile ya moyoni, na uone kama unaweza kuiokoa.

6. KWA UPANDE WA ANAYEPOKEA

Kama wewe ndiye mwenye kitu, kumbuka mambo haya:

(a) Ukimwita mjuzi, uwe tayari kwa jibu lake. Kama unataka kusikia tu ulichokwisha amua, usimlipie mtu nauli.

(b) Patana ada ya kuja kabla hajatoka kwake. Luka 10:7 inasema mtenda kazi anastahili malipo yake. Kazi ya fundi ni pamoja na kukwambia "haifai." Tukilipa tu habari njema, tunawafundisha mafundi wetu kusema uongo.

(c) Kabla ya kuuza au kutoa kompyuta au simu ya zamani, nakili picha na barua, kisha mwambie fundi afute kabisa. Usiichome shambani na usiitupe mtoni. Zile skrini za zamani zina risasi kwenye kioo chake. Kuna wanaokusanya taka za umeme, kama WEEE Centre ya Nairobi. Muulize fundi wako.

(d) Leta hitaji lako mahali pake. Hitaji la mwalimu lilikuwa karo, si mnunuzi wa kompyuta. Alikuwa ameficha hitaji chini ya kitambaa kwa sababu aliona aibu. Kwa miaka 30 yeye ndiye aliyekuwa akisaidia wengine. Jumatano ya tatu alisimama kwenye ushirika wa nyumbani na kulisema. Hatukupata yote. Tulipata 18,000, na mkuu wa shule akakubali zilizobaki zilipwe kidogo kidogo. Mtoto yuko darasani. Mashine bado iko sebuleni. Hilo ni lake kuamua.

HITIMISHO

Wapendwa, Mungu anatupima kwa haki na kutuangalia kwa huruma kwa pamoja. Alijua hali yetu ilivyo, hakuipamba, na bado alilipa kwa damu ya Mwanawe. Mtu anayejua hilo hahitaji thamani yake itokane na kitu kilicho sebuleni, wala haogopi kumwambia jirani ukweli.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kuhani, na si mwenye nyumba, ndiye aliyetaja thamani katika Walawi 27:14?
2. Ni kitu gani kwako kina gharama kubwa, bei ndogo na thamani kubwa? Umewahi kuchanganya hivyo vitatu?
3. Kati ya njia tatu mbaya za kujibu, ipi ni rahisi zaidi kwako kazini au sokoni?
4. Je, kuna hitaji ambalo mtu katika kundi letu anaweza kuwa analificha kwa kutafuta kuuza kitu? Tutamfikiaje bila kumwaibisha?

KAZI YA WIKI: Kama kuna fundi, muuguzi au mshauri aliyekuambia ukweli mgumu na hukumshukuru, mpigie simu kabla ya Jumapili.

TUOMBE: Bwana, tupe midomo yenye mizani ya haki, na mioyo inayoweza kupimwa bila kukasirika. Wakumbuke wazee wetu wanaobeba mahitaji kimya kimya. Utufanye nyumba ambamo ukweli hauumizi kuliko inavyohitajika. Katika jina la Yesu, amina.